Nyuso za Dari ya Don Blasco

Siku Don Liborio alipoleta habari kwamba Mtukufu Don Blasco anataka dari ya ukumbi mkubwa ichorwe, Fundi Onofrio Scibilia alivua kofia kwa heshima akasahau kuivaa tena. Kasri la Don Blasco Ventimonte halikuwa na desturi ya kumwita fundi wa mji. Wachoraji waliletwa kutoka Palermo, wakala, wakachora, wakaondoka, na mafundi wa Roccamara wakabaki kupaka chokaa mazizi ya farasi. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, uzeeni, macho yake yakiwa yameanza kuingia ukungu.

Binti yake Vennera alikuwa pembeni akisaga udongo mwekundu juu ya jiwe. Alikuwa mjane, amerudi nyumbani kwa baba yake baada ya kumzika mumewe, na tangu macho ya mzee yalipoanza kumsaliti, nyuso zote zilizotoka katika karakana ile zilikuwa kazi ya mkono wake. Mzee alichora mawingu, farasi na mikunjo ya nguo. Watu walioagiza picha hawakuambiwa, na hawakuuliza.

"Na dari yenyewe itahusu nini?" aliuliza Vennera.

Don Liborio, msimamizi wa mali zote za kasri, hakuzoea kuhojiwa na mwanamke mwenye rangi hadi viwikoni. Alimjibu baba yake. "Ukarimu wa Nyumba ya Ventimonte. Juu, Mtukufu yumo katika gari la dhahabu mawinguni, linavutwa na farasi weupe. Chini yake watu wa Roccamara wanapokea mkate, mwaka ule wa njaa. Anataka kwanza mchoro mdogo wa rangi, auone, aukubali, ndipo tufunge jukwaa la kupandia."

Jiwe la kusagia likanyamaza.

"Mkate gani?" Vennera aliuliza.

"Vennera," baba yake akasema.

"Nauliza tu, baba. Mwaka ule na mimi nilikuwepo. Labda siku ya mkate nilikuwa nimelala."

Don Liborio alisafisha koo, akarudia kwamba Mtukufu hapendi kusubiri, akaondoka.

Hakukuwa na mtu Roccamara asiyejua mwaka ule ulivyokwenda. Mvua ilikosa, shayiri ikakauka ingali changa, na watu wakala mizizi, wakala majani ya mizabibu, wakachemsha ngozi za viatu. Wakati huo maghala ya Don Blasco yalikuwa yamejaa hadi ngano inasukuma milango, ikingoja bei ipande. Ilipopanda, mikokoteni ikaanza kuteremka kwenda pwani, na ngano ya Roccamara ikapakiwa melini kwenda kuliwa kwingine. Ndipo watu wakaenda kusimama mbele ya lango la ghala. Hawakwenda na mapanga wala mawe. Walikwenda na mabakuli. Amri ikatolewa kutoka juu ya ukuta, walinzi wakatoka na marungu, umati ukarudi nyuma kwa fujo, na waliokuwa dhaifu wakabaki chini, wasiinuke tena. Miongoni mwao alikuwa Crocifissa Tuzzolo na mtoto wake mgongoni.

Crocifissa na Vennera walikuwa ndugu wa ziwa moja. Mama yake Vennera alifariki akijifungua, na aliyemchukua kichanga yule na kumnyonyesha pamoja na bintiye alikuwa Mama Ninfa, mama yake Crocifissa. Vennera alikuwa hatua chache tu nyuma siku ile langoni. Alimwona ndugu yake akianguka, na akasukumwa mbali kabla hajamfikia.

"Mimi siuchori huo uongo," alimwambia baba yake mara Don Liborio alipokwisha kwenda.

"Basi utachora nini? Mbuzi?" Mzee alikuwa tayari amekunjua turubai mezani, anaipapasa kwa viganja kama mtu anayepapasa kitambaa cha harusi. "Mwanangu, dari za wakubwa zote ni uongo. Umewahi kuona mtu amepanda gari mawinguni? Nani aliyeuamini? Watu wanatazama farasi."

"Farasi sina ugomvi nao."

"Basi nipe nyuso tu. Umati wa watu, wanatazama juu. Huna haja ya kumwamini."

Vennera alirudi kwenye jiwe la kusagia. Lakini baada ya siku kadhaa, mzee alipokwisha kupanga mawingu na gari, akamwachia sehemu ya chini ya turubai, binti alikaa mbele yake akachukua brashi nyembamba. Alichora kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe. Alimchora mtengeneza mapipa aliyekutwa amekufa na udongo mdomoni. Akawachora pacha wa mfua nguo. Akamchora mzee wa kengele, ambaye njaa ilimfanya asiweze tena kuivuta kamba. Na katikati, mahali ambapo mwanga kutoka kwenye gari la dhahabu ulianguka, alimchora Crocifissa, mtoto mgongoni, bakuli mkononi, anatazama juu. Bakuli lilikuwa tupu. Yote yalikuwa matupu.

Fundi Onofrio aliisogelea turubai mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Huyu ni Crocifissa," alisema mwishoni.

"Ndiye."

"Hawa watatuua, Vennera."

"Walishakufa, baba. Hawamuui mtu."

Mzee alipangusa macho kwa ukingo wa aproni. Alifikiri, na alichofikiri kilikuwa na akili yake: Don Blasco hakuwahi kuwatazama watu hawa walipokuwa hai, atawajuaje wakiwa wamekufa? Basi akaifunika turubai kwa shuka safi, na asubuhi wakaibeba hadi kasri.

Don Blasco aliwapokea akiwa anakula lozi zilizopakwa sukari. Alikuwa mtu mwenye sura nzuri na sauti laini, asiyepaza sauti kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Mchoro ulisimamishwa juu ya kiti karibu na dirisha. Alijitazama katika gari la dhahabu, akapenda kidevu chake, akawasifu farasi. Fundi Onofrio akainama mara mbili. Kisha macho ya Mtukufu yakateremka.

"Mbona wamekonda hivi?"

"Ni mwaka wa njaa, Mtukufu," alisema mzee.

"Najua. Lakini hapa si wameshapokea mkate? Wape mashavu, fundi. Wageni wangu watakula chini ya dari hii. Nani atamaliza sahani yake akitazamwa namna hii?"

Mabwana waliosimama nyuma yake wakacheka. Don Liborio pekee hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na mchoro, na rangi ilikuwa imemtoka usoni, kwa maana siku ile ya lango, aliyesimama juu ya ukuta akatoa amri alikuwa yeye.

"Huyu," alisema, kidole kikielekea kwa mwanamke mwenye bakuli. "Huyu ni yule wa langoni."

"Lango gani?" aliuliza Don Blasco.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Vennera. Miaka yote ile alikuwa amemfikiria mtu huyu akiwa ndani ya kasri lake, akijua, akipima, akiamua. Alikuwa amemchukia kama mtu anavyomchukia adui anayemfahamu. Kumbe hakujua hata lango lenyewe. Msimamizi alimwinamia sikioni akanong'ona, na Mtukufu akasema, "Ah," kama mtu aliyekumbushwa kwamba kuna dirisha halijafungwa. Akatia lozi nyingine mdomoni.

"Anaitwa Crocifissa Tuzzolo," alisema Vennera. "Mtoto ni Vanni. Alikuwa ndio kwanza anaota meno."

"Vennera, nyamaza," baba yake alimsihi.

"Nitanyamaza, baba. Nina swali moja tu la kazi." Alimgeukia Don Blasco. "Mtukufu unataka watu waliopokea mkate wako. Haya, sina neno. Nitajie mmoja. Nitajie jina la mtu mmoja tu uliyemlisha mwaka ule, niende kwake leo hii nimchore uso wake, nimpe na mashavu anayoyataka."

Don Blasco alimtazama msimamizi wake. Msimamizi alitazama sakafu. Mmoja wa mabwana alianza kukohoa akaacha.

"Nangoja, Mtukufu. Hata mmoja. Hata kama ni mbwa wa mtu."

"Fundi," Don Blasco alisema, na sauti yake ilikuwa laini vile vile, "binti yako ana mkono mzuri. Mdomo wake ukishachoka, mrudishe kwenye kazi. Nyuso hizi zikwanguliwe, mchoro uletwe umesahihishwa kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Au nimwite mtu kutoka Palermo."

Njia nzima ya kurudi Fundi Onofrio alibeba turubai kichwani, hataki kusaidiwa, anajikwaa kila kona. Walipofika ndani alilipuka.

"Umenichimbia kaburi. Maisha yangu yote nimengoja dari moja. Moja! Wewe umesimama mbele ya mabwana unamuuliza mtu mkubwa maswali kama mke wa mchuuzi."

"Alikuwa anacheka, baba. Wamelala chini ya udongo, na yeye anataka wamshukuru darini. Wafe, halafu wacheke. Hata fisi akimaliza kula hadai shukrani."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ulikuwa hujui hilo? Ulitaka aanze leo kwa sababu yako?"

"Mimi sitafuta hata uso mmoja."

"Nitafuta mwenyewe."

Akachukua kisu cha kukwangulia rangi, akavuta kiti, akakaa mbele ya mchoro. Alisogeza uso karibu, akausogeza mbali. Ukungu wa macho ulimchanganya. Hakuweza kuona mwisho wa uso mmoja na mwanzo wa mwingine. Vennera alisimama ukutani amefumbata mikono, na hakumsaidia. Alijua kwamba mzee hawezi, na alijua kwamba kuomba hatamwomba.

Wakiwa hivyo, mlango ukafunguka bila hodi. Alikuwa Mama Ninfa. Wapishi wa kasri walikuwa wamesikia yote, na maneno ya jikoni hayana miguu lakini hufika kabla ya farasi.

"Wanasema mwanangu yuko hapa," alisema.

Fundi Onofrio aligeuka, kisu mkononi. Mama Ninfa alimpita, akasimama mbele ya turubai, akajifunga shali vizuri kama mtu anayeingia kanisani. Vennera alijikuta anaogopa zaidi kuliko alivyoogopa kule kasri. Hakuwa amemwomba mama huyu ruhusa.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Ningekuambia."

Mama Ninfa hakulia. Aliinua kidole akakipitisha hewani, juu ya uso wa bintiye, bila kugusa. "Pua umeipata. Pua yake ilikuwa hivi hivi, ya baba yake, Mungu amrehemu kwa pua ile. Shingo umemrefushia."

"Anatazama juu, ndiyo maana."

"Hata hivyo." Akamwinamia mtoto. "Vanni hakuwa na nywele zote hizi. Lakini ziache." Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe, Onofrio, kisu hicho cha nini?"

Fundi Onofrio alikitazama kisu kana kwamba mtu mwingine alikuwa amekiweka mkononi mwake. "Nilikuwa nakata jibini," alisema.

"Jibini iko wapi?"

Mzee alikiweka kisu mezani, akakaa, akajifunika uso kwa mikono.

Kabla ya adhuhuri karakana ilikuwa imejaa. Alikuja mfua nguo, akawaona pacha wake, akaketi sakafuni asitake kuondoka. Akaja kaka wa yule mtengeneza mapipa. Waliokuwa na watu wao katika mchoro waliwatafuta, na wasiokuwa nao waliuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini wa kwao hayupo. Vennera alimjibu kila mmoja. Hasira ya asubuhi haikupungua, ila sasa haikuwa yake peke yake.

Mtu akaja mbio kusema habari za umati zimefika kasri, na Don Liborio amepanda farasi, anateremka na walinzi kuja kuuchukua mchoro. Watu walianza kusukumana. Mmoja akasema uviringishwe ufichwe kisimani, mwingine akasema wapigane.

"Mtapigana na nini, vijiko?" Fundi Onofrio alikuwa amesimama. "Upelekeni kanisani kwa Padri Gandolfo. Lakini ngojeni kwanza." Akamshika Vennera mkono. "Niwekee kidole penye kidevu chake. Cha yule mwenye lozi."

Vennera alimwekea kidole. Mzee alichovya brashi nene katika rangi nyeupe, na kwa mikono iliyokuwa imechora ndevu za mitume maisha yote bila kuhitaji macho, akamshushia Don Blasco ndevu hadi kifuani. Juu ya kofia yake ya manyoya akamchorea kitambaa cha nabii. Magurudumu ya dhahabu akayazungushia moto. Haikuchukua muda wa kunywa bakuli la supu.

"Nabii Eliya," alisema, akipangusa brashi. "Anapaa mbinguni na gari lake la moto. Sasa nendeni."

Kanisa dogo la chama cha kuzika maskini lilikuwa nyuma ya soko. Padri Gandolfo alikuwa mtu mnene, mvivu wa kuhubiri na hodari wa mazishi. Alikuwa amewazika wote waliomo katika mchoro ule, baadhi yao bila jeneza. Aliutazama mara moja tu. Hakuuliza. Aliusimamisha juu ya altare ya pembeni, akaunyunyizia maji ya baraka, na wanawake wakawasha mishumaa.

Don Liborio aliingia na buti zake zinapiga sakafu. "Padri, hiyo ni mali ya kasri. Ni mchoro wa dari ya Mtukufu."

"Ipi? Hii?" Padri alikuwa anaweka mshumaa sawa. "Hii ni Eliya na roho za toharani."

"Yule wa juu ni Don Blasco. Kila mtu anamwona."

"Mwenye ndevu? Unaniambia nabii wa Mungu amefananishwa na Mtukufu? Hilo ni jambo zito, Don Liborio. Itabidi nimwandikie askofu, aje aangalie mwenyewe."

"Usinifanyie mchezo. Na hao walio chini nawajua ni akina nani."

"Vizuri," Padri alisema. Akasogea pembeni ili msimamizi auone mchoro wote. "Mimi nawaombea kila Jumatatu, na ningependa kuwaombea kwa majina. Wewe unawajua. Umewajulia wapi?"

Kanisa lilikuwa limejaa wanawake, na hakuna aliyekuwa akisali wakati ule. Wote walikuwa wanamtazama. Mama Ninfa alisimama mbele kabisa, na Vennera kando yake. Mlinzi mmoja, kijana wa Roccamara, alikuwa amevua kofia na kupiga ishara ya msalaba. Shangazi yake alikuwa katika picha. Don Liborio aligeuka, akatoka, na walinzi wakamfuata.

Mchoro ulibaki pale. Kila Jumatatu watu waliwasha mishumaa mbele yake, hata moshi ukaanza kuwafanya farasi weupe kuwa wa kijivu.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba haki ilitendeka, kwa sababu haikutendeka. Mchoraji aliletwa kutoka Palermo. Alifunga jukwaa, akapaka lipu mbichi, akachora, na darini wakaenea watu wanono wanaocheka, mikate imewajaa mapajani. Milango ya nyumba zote za mabwana ilifungwa kwa Fundi Onofrio na binti yake. Walirudi kwenye vibao vidogo vya nadhiri, picha za shukrani za kutundikwa kanisani, vile anavyoagiza mtu aliyepona homa au aliyenusurika na radi. Mzee hakumlaumu Vennera tena kwa maneno. Ila kuna siku alikaa akitazama dari yao yenye nyufa na utando wa buibui, na Vennera alijua anaona nini pale. Hilo nalo alimwekea Don Blasco katika hesabu.

Siku ya sikukuu milango ya kasri ilifunguliwa watu wa mji waingie waone. Mama Ninfa alikataa. Vennera alienda. Alisimama katikati ya ukumbi ule ule, akatazama juu mpaka shingo ikauma. Kando yake bibi mmoja mgeni, wa ng'ambo ya milima, alijipepea kwa kipepeo cha hariri.

"Mna bahati ninyi," bibi yule alimwambia kwa upole. "Kuwa na bwana mwenye moyo kama huu."

Vennera alitaka kumpigia kelele, lakini bibi yule alikuwa mgeni, hakuwa na kosa isipokuwa kuamini alichokiona, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Baada ya miaka watakuja wengine, na wengine, na wote wataamini.

"Bibi," alisema, "una nafasi kidogo? Nyuma ya soko kuna kanisa dogo. Nataka ukaone kitu."

Bibi yule alishangaa, akatazama rafiki zake, akasita. Kisha akafunga kipepeo chake, akamfuata.

Jioni baba yake alimngoja mlangoni. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Na farasi?"

"Wana miguu ya meza, baba."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Vennera hakucheka. Ndani kulikuwa na mkulima aliyeanguka kutoka kwenye mzeituni asivunjike, amekaa anangoja kibao chake, naye alikuwa na malalamiko: punda wake alikuwepo siku aliyoanguka, akaona yote, na katika picha ya kibao hayupo. Vennera alifunga aproni, akakaa, akamwambia aeleze masikio ya punda yalikuwa yamekaaje.